Nataka vita vya Tanga, mwenzangu anataka pointi sawa

Ndugu mshauri,

Sisi ni watu sita kutoka Afrika Mashariki tunaoishi Leicester, Uingereza. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, tunakutana kucheza vita vya mezani: visanamu vya askari vya milimita 28, futi ya kupimia, dadu, na meza ya futi sita kwa nne. Kanuni zetu ni za mchezo uitwao Bolt Action, ambamo kila askari na silaha ina bei yake ya pointi, na kila mtu huja na jeshi la pointi 1,000.

Mmoja wetu ni mtu wa mashindano. Hana hila wala hapindishi futi, na kanuni anazijua kutushinda sote. Lakini orodha ya jeshi lake imekamuliwa hadi tone la mwisho. Hakuna kikosi kilichomo kwa sababu kinapendeza au kwa sababu kweli kilikuwepo vitani. Mara nyingi mchezo unakuwa umeisha raundi ya tatu, na zinazobaki tunamalizia kwa heshima tu. Wawili kati yetu wameanza kutoa udhuru kila Jumamosi.

Mimi nimemaliza kupaka rangi askari wa jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, pamoja na Waingereza na Wahindi waliotumwa kuiteka Tanga Novemba 1914. Nilimwonyesha mwenzetu mpango wangu: washambuliaji wengi, walinzi wachache, treni inaleta msaada, na nyuki. Akanijibu, "Huo si mchezo, ni maigizo. Mmoja ameshashinda kabla hatujakaa. Nipe pointi sawa kwa sawa, nitacheza." Mwingine, ambaye yeye anapenda visa, akadakia kwamba anayetaka kushinda aende mashindanoni. Tangu siku hiyo kundi letu la WhatsApp limepoa.

Sitaki kumpoteza yeyote. Je, inawezekana kuicheza Tanga ikabaki Tanga, na huyu bwana naye akapata mchezo wa kuumiza kichwa? Na hao nyuki niwaweke, au nitakuwa nimempa sababu ya kucheka?

Mpaka Rangi, Leicester

Ndugu Mpaka Rangi,

Mwenzenu ana hoja, tena nzito kuliko alivyoisema. Anachokataa ni kukaa mezani saa tatu wakati maamuzi yake hayabadilishi kitu. Sasa msikilize yule mpenda visa: naye analalamikia mchezo ulioamuliwa nyumbani, siku orodha ya jeshi ilipoandikwa. Wote wawili wanachukia vita vilivyokwisha kabla dadu ya kwanza haijarushwa. Kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayeviletea kikundi.

Anzia na historia yenyewe, maana inakupa jibu la papo hapo. Washambuliaji walikuwa karibu 8,000 na walinzi karibu 1,000. Upande ambao mwenzenu anasema umeshashinda ndio uliorudi melini tarehe 5 Novemba, ukiacha ufukweni bunduki, bombomu (bunduki za rashasha) na shehena ya risasi. Kwa hiyo idadi haikuamua. Kilichoamua ni mambo manne ambayo mchezaji mzuri anaweza kuyashika kwa mikono yake: muda uliopotea baada ya manowari ya Uingereza, HMS Fox, kufika tarehe 2 na kudai mji usalimishwe, treni zilizoleta askari kutoka Moshi kwa reli ya Usambara, mashamba na vichaka vilivyotawanya vikosi vya washambuliaji, na bombomu za walinzi zilizopiga kutoka ubavuni. Kazi yako ni kugeuza kila moja kuwa uamuzi wa mezani.

Kuhusu pointi sawa, mweleze kwa lugha yake. Kwa bei iliyozoeleka ya Bolt Action, mwanajeshi wa kawaida mwenye bunduki ni pointi 10, mgeni wa vita 7, mzoefu 13. Bei hizo zinakisia meza ya wastani na adui wa wastani. Watu kumi wa pointi 100 walioko nyuma ya tuta la reli, mbele yao uwanja mtupu, si sawa na watu kumi wa pointi 100 wanaotakiwa kuuvuka uwanja huo. Yeye mwenyewe anajua, ndiyo maana huchagua upande wa meza kwa makini. Pointi ni kipimo kimoja cha usawa. Vingine ni ardhi, muda, na masharti ya kushinda, na hivyo vitatu ndivyo kisa kinavyoshikilia.

Sasa meza. Futi sita ziwe mashariki kwenda magharibi. Ukingo mrefu wa kaskazini ni bahari. Washambuliaji wanaingia kutoka ukingo mfupi wa mashariki, upande wa Ras Kasone walikoshukia kweli. Mji uko magharibi. Handaki la reli, yaani mfereji uliochimbwa kupitisha reli, likate meza kutoka kaskazini hadi kusini, inchi 24 kutoka ukingo wa magharibi. Hapo mshambuliaji ana inchi 48 za kuvuka. Akikimbia tu, inchi 12 kila raundi, atafika handakini raundi ya nne bila kufyatua risasi hata moja. Akitembea huku anapiga, inchi 6 kila raundi, anahitaji raundi nane. Wewe upange mchezo wa raundi saba. Hesabu hiyo moja inamlazimisha kila kamanda kuamua nani akimbie na nani apige, na hakuna jibu lililoandikwa popote.

Kosa la kawaida la mtu aliyependa mandhari yake ni kujaza miti meza nzima. Ardhi ya vichaka hairuhusu kukimbia, basi ukiijaza yote, washambuliaji watatambaa mpaka mchezo uishe na utakuwa umemthibitishia mwenzenu maneno yake. Weka mashamba matatu ya mkonge na mpira, kila moja inchi 12 kwa 12, uache kati yake njia mbili wazi za upana wa inchi 6 hivi. Njia hizo ndizo chambo. Kila mtu ataziona, na kila mtu atajua bombomu zitaelekezwa wapi.

Walinzi waanze na vikosi vitatu vya askari wanane wanane, wote wazoefu, bombomu mbili na afisa mmoja. Hizo ni dadu sita za amri mfukoni: kila kikosi, bombomu au afisa ana dadu yake, na dadu inayotolewa mfukoni ndiyo inayoamua upande gani unatenda. Treni ikifika inaleta vikosi viwili zaidi vya wanane na bombomu ya tatu. Washambuliaji wawe na afisa mmoja, bombomu moja, na vikosi vya watu kumi kumi ambavyo idadi yake nitaieleza sasa hivi. Katika hivyo, viwili ni vya Waingereza wa Loyal North Lancashire, kimoja cha Wahindi wa Kashmir Rifles, kimoja cha Wahindi wa 101st Grenadiers, vyote vya kiwango cha kawaida. Vinavyozidi hapo ni wageni wa vita. Usiwatie Wahindi wote kapu moja, kama wachezaji wengi wanavyofanya. Kashmir Rifles waliingia mjini bega kwa bega na Lancashire, na 101st Grenadiers walisonga mbele hadi bombomu za ubavuni zilipowamaliza. Waliovunjika mapema ni baadhi tu.

Idadi ya vikosi vya washambuliaji usiiweke wewe. Hapa ndipo mahali pa mwenzenu. Watoto wawili wakigombania embe, mmoja hukata na mwingine huchagua, na hakuna anayenung'unika. Fanya hivyohivyo. Makamanda wawili, yeye na yule mpenda visa, waipitie meza kwa dakika kumi, kisha kila mmoja aandike kwa siri namba kati ya 5 na 9: idadi ndogo kabisa ya vikosi ambavyo yuko tayari kushambulia navyo. Karatasi zifunuliwe pamoja. Aliyeandika namba ndogo anashambulia kwa namba hiyohiyo, mwingine analinda. Wakilingana, rusha shilingi. Kuanzia hapo hakuna anayeweza kusema upande wake umeonewa, kwa sababu bei ameipanga mwenyewe. Na kazi hiyo ya kukadiria inataka ujuzi uleule wa kuandika orodha ya mashindano, ila sasa unafanyika mezani, mbele ya wote, juu ya ardhi ambayo kila mtu anaiona.

Kwa mfano, mtu akishinda mnada kwa vikosi 7, atakuwa na dadu tisa mfukoni dhidi ya sita za walinzi. Uwezekano wa dadu ya kwanza kutoka kuwa yake ni 9 kati ya 15, asilimia 60. Wengi hufurahia hapo na kusahau upande wa pili: mwenye dadu nyingi pia ndiye anayebaki nazo mwisho wa raundi, akilazimika kusogeza watu wake wakati mlinzi ameshajipanga au ameweka bombomu katika hali ya kuvizia. Mchezaji wenu wa mashindano atalitambua hilo mara moja. Wengine wasaidie kulijua kabla ya kuandika namba.

Treni nayo iwe na hesabu. Kuanzia mwisho wa raundi ya pili, mwamuzi anarusha dadu moja. Raundi ya pili inafika kwa 5 au zaidi, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 3, ya tano kwa 2, na ikichelewa mno inaingia yenyewe mwanzo wa raundi ya sita. Uwezekano wa kuwa imefika kabla ya raundi ya nne kuanza ni theluthi mbili. Kisha ongeza sharti moja: washambuliaji wakiwa na vikosi 8 au 9, dadu ya treni inaongezwa 1, kwa sababu kushusha watu wengi ufukweni kunachukua muda. Hapo uwezekano uleule unapanda hadi tano kati ya sita. Sasa mwenye tamaa ya jeshi kubwa analipa kwa muda, kama ilivyokuwa. Wanaofika wanaingia kutoka ukingo wa magharibi na amri ya kukimbia au kutembea, si vinginevyo. Ukiwaruhusu washuke popote kwenye reli, treni itakuwa silaha badala ya msaada, na walinzi watashinda kila mara.

Masharti ya ushindi yaandikwe kwenye kadi na kubandikwa ukutani. Kuna mahali patatu: handaki la reli, nyumba ya forodha, na jumba moja la katikati ya mji. Anayepashika mwisho wa raundi ya saba anapata pointi 2 kwa kila pahali. Kikosi cha adui kilichoangamia au kukimbia ni pointi 1. Bombomu ya adui iliyotekwa ni pointi 2. Basi. Usitie nyongeza ya ushujaa, ya kupendeza, au ya kucheza kama wahusika. Nyongeza za namna hiyo zinategemea jicho la mtu, na ndizo zinazowafanya watu wa mashindano wakimbie visa kabisa. Na ona wageni wa vita walivyobadilika: ukiwapeleka wengi mbele, kila kinachovunjika kinampa adui pointi. Kamanda mwenye vikosi tisa ana mikono mingi, na pia ana mifuko tisa ya kuibiwa.

Ulizungumzia nyuki kwa wasiwasi. Waweke, tena kwa fahari. Waliuma pande zote mbili siku hiyo, na mpaka leo wako wanaoviita vita vya nyuki. Kinachomuudhi mchezaji makini ni bahati inayomdondokea kutoka juu: umevuta kadi, imeandikwa nyuki, kikosi chako bora kimekwisha. Bahati anayoiona mapema anaipangia mbinu. Kwa hiyo usitumie kadi. Tengeneza mizinga mitatu (ya nyuki, si ile ya kurusha makombora) uitundike kwenye miti iliyo theluthi ya kati ya meza, ambapo kila mtu anaiona tangu mwanzo.

Kanuni ni hii. Kabla ya kurusha dadu za kupiga, mpigaji ananyoosha futi kutoka kwake hadi kwa anayelengwa. Mstari ukipita ndani ya inchi 3 za mzinga, arushe dadu moja ya pembeni. Kwa bunduki za kawaida, 1 inapasua mzinga. Kwa bombomu, 1 au 2. Mzinga ukipasuka, kila kikosi kilicho ndani ya inchi 6, cha upande wowote, kinapata alama mbili za kubanwa, na mzinga unaondolewa. Hakuna anayekufa.

Alama mbili zinaonekana ndogo, ila fanya hesabu. Kikosi kilichobanwa kinapotaka kutii amri kinarusha dadu mbili na kutakiwa kupata sawa na ari yake au chini, baada ya kupunguza moja kwa kila alama. Mgeni wa vita ana ari 8. Akiwa na alama mbili anatakiwa apate 6 au chini, yaani asilimia 42 hivi. Wa kawaida, mwenye 9, anabaki na asilimia 58. Mzoefu, mwenye 10, asilimia 72. Hizo ni kabla ya kuongeza msaada wa afisa. Basi nyuki walewale wanamwathiri kila mmoja kwa kiasi cha uzoefu wake, bila wewe kuandika kanuni ya pekee kwa kila kikosi. Mlinzi mwerevu ataweka bombomu yake mahali ambapo mstari unapita karibu na mzinga makusudi. Mshambuliaji mwerevu ataupasua mapema kwa bunduki, kabla watu wake hawajafika. Hapo tayari nyuki wamekuwa chombo cha mbinu, na bado ni kisa ambacho mtu atamsimulia mwenzake kwenye basi.

Kuna mambo mawili mengine yenye kisa ndani yake ambayo nisingeyaacha. La kwanza ni moshi. Askari wengi wa Wajerumani mwaka ule walikuwa bado na bunduki za zamani za mfano wa 1871 zenye baruti inayotoa moshi mweupe, na kila aliyepiga alijionyesha alipo. Teua kikosi kimoja kati ya vile vitatu kiwe nazo. Kikipiga, weka kipande cha pamba mbele yake. Mpaka kitakapoamriwa tena, kichaka hakikikingi dhidi ya risasi. Pamba kidogo tu, iliyochambuliwa kwa vidole hadi umbo la visanamu lionekane kwa nyuma. Ukiiweka nene inafanana na mawingu ya mchezo wa kuigiza wa shule.

La pili ni wapagazi. Bombomu na masanduku ya risasi yalibebwa na watu, na katika vita vile vya miaka minne wapagazi waliokufa kwa maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko askari waliouawa kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam imechukua jina lake kwao, kutoka kwa Carrier Corps ya Waingereza. Kila bombomu iwe na kibao cha wapagazi wawili. Wakiwa zaidi ya inchi 6 kutoka kwayo, haiwezi kupiga raundi mbili mfululizo. Wasilengwe peke yao, wala kusiwe na pointi kwa kuwaua. Meza ya Tanga isiyo na wapagazi imeacha nje watu walioibeba vita hiyo vichwani, na mimi nisingekaa kuicheza.

Mko sita. Gawa hivi: watatu washambulie, wawili walinde, mmoja awe mwamuzi. Mwamuzi usiwe wewe. Umepaka rangi, umepanga meza, kila uamuzi wako utaonekana unalinda kisa chako. Mpe mtu mtulivu, na mpe kazi tatu tu: dadu ya treni, mizinga ya nyuki, na kukata shauri pale kanuni ziko kimya. Shauri likimshinda kwa dakika mbili, dadu moja irushwe, 4 au zaidi ni kwa anayetenda, mchezo uendelee, na kitabu kifunguliwe baada ya chai. Ugomvi wenu una miaka mingi. Mchezo wa vita wa jeshi la Prussia uliochapishwa 1824 ulitumia majedwali na dadu kuamua matokeo ya mapigano, na mwaka 1876 jenerali Verdy du Vernois akapendekeza majedwali yawekwe kando, mwamuzi aamue kwa uzoefu wake. Maofisa waliendelea kubishana. Nyinyi chukueni vyote viwili: dadu kwa kila kinachoweza kupimwa, mwamuzi kwa kilichobaki.

Kwa wale watatu wanaoshambulia, mwamuzi aandae bahasha. Wazo hili lina asili nzuri. Mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Minnesota, Marekani, David Wesely aliendesha mchezo alioupa jina la Braunstein, ambamo kila mchezaji alikuwa na lengo lake mwenyewe ndani ya mji mmoja, na michezo ya kuigiza wahusika ikachipuka kutokana na majaribio ya namna hiyo. Kamanda wa Lancashire apewe amri ya siri ya kuingia forodhani kabla ya raundi ya sita. Wa Kashmir, kumaliza mchezo akiwa na angalau nusu ya watu wake. Wa vikosi vya wageni, kuhakikisha hakuna kikosi chake kinachovuka ukingo wa mashariki kukimbia. Kila amri ina pointi 1 ya binafsi, isiyoingia kwenye jumla ya timu. Ukiipandisha hadi 3 au 4, mtu atauza timu yake ili apate lake, na utarudi kwenye lawama. Moja inatosha kuwafanya wabishane kwa sauti ya chini pembeni mwa meza, na mabishano yale ndiyo jemadari Aitken, aliyewaongoza washambuliaji wa Tanga, na maofisa wake.

Muda: mchezo wa ukubwa huu kwa watu watano unachukua saa tatu, pengine tatu na nusu ukiwa wa kwanza. Tumieni dakika 25 kwa raundi na saa ya simu. Mkipata siku nzima, chezeni mara mbili kwa kubadilishana pande, idadi ya vikosi ikiwa ileile, halafu linganisheni alama za mshambuliaji na mshambuliaji. Hicho ndicho kipimo safi kuliko vyote, na mwenzenu hatakuwa na la kupinga, kwa sababu meza ileile na treni ileile imewapata wote.

Jambo moja la mezani ambalo linazima nusu ya ugomvi: semeni nia. "Nataka kikosi hiki kikae nyuma ya tuta, bombomu yako isikione. Tunakubaliana?" Mwenzako anainama, anaangalia, anasema ndiyo. Baadaye kisanamu kikisukumwa na mkono wa shati, hakuna kesi. Wachezaji wazuri wa mashindano hufanya hivyo kila siku. Mwombe yeye awafundishe wengine.

Kuhusu Jumamosi za kawaida, msimkataze kuandika orodha kali. Ni kipaji chake, na kumwambia alete jeshi dhaifu ni kumdharau yeye na kuwadharau nyinyi. Mwombe aandike majeshi mawili ya pointi 750, na mpinzani wake achague lipi la kucheza nalo. Embe lilelile. Mtashangaa orodha zake zitakavyobadilika atakapojua kwamba huenda moja akaikabili. Na kila mchezo wa tatu uwe wa mashindano kamili, pointi 1,000, saa mezani, bila kulalamika.

Mkija kuunganisha michezo kuwa mfululizo wenye kumbukumbu, angalieni mporomoko: aliyeshinda anapata nguvu, nguvu inampa ushindi mwingine, na kufikia wiki ya nne wengine hawana sababu ya kuja. Mchezo mwingine wa visanamu, Warhammer 40,000, ulipoleta mfumo wake wa mfululizo uitwao Crusade mwaka 2020, uzoefu ulitolewa kwa vikosi vya pande zote mbili, aliyeshinda na aliyeshindwa, na kikosi hupanda daraja la kwanza kikifikisha alama 6, la pili 16. Igeni hapo. Mshindi achukue ardhi, aliyeshindwa achukue uzoefu. Mkiwa na vikosi vya Tanga, andikeni kwenye kadi jina la kikosi, kilichofanya, na alama mbili tatu za uzoefu. Kilichonusurika forodhani kiitwe hivyo mchezo ujao.

Ujumbe wa kuliamsha kundi la WhatsApp uwe mfupi, utumwe wiki moja kabla, na uwe na haya tu: Tanga tarehe 4 Novemba 1914, raundi saba, masharti ya ushindi kama yalivyo kwenye kadi, mnada wa siri wa vikosi 5 hadi 9 kati ya makamanda wawili waliotajwa kwa majina, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Piga picha ya meza kutoka juu, mizinga ya nyuki ikionekana, uibandike chini yake. Usiandike neno lolote la kumshawishi mwenzenu. Mchezaji wa aina yake akiona meza na namba mbili za kuchagua kati yake, ataanza kuhesabu kabla hajaweka simu chini. Na hiyo mizinga ipake kahawia ya magome, kisha juu yake manjano iliyokauka kwenye brashi, upite kwenye kingo tu, ili ionekane kutoka upande wa pili wa meza bila mtu kuinuka.